“Munasikia?” “Ndiyo mwalimu!”: Stajieri na kazi ya kufundisha masikio na midomo



Katika Kiswahili chetu cha Ituri, neno kusikia linabeba mizigo miwili. Sauti ikifika sikioni, umesikia. Maana ikifika kichwani, umesikia pia. Mtu akikuuliza “Unasikia Kifaransa?” hana shida na afya ya masikio yako, anataka kujua kama unakielewa. Sasa ingia darasa lolote kati ya Bunia na ziwani. Mwalimu amemaliza kueleza, anageuka: “Munasikia?” Watoto sitini wanajibu kwa sauti moja: “Ndiyo mwalimu!” Anafuta ubao, anaendelea. Watoto hawakudanganya, sauti iliwafikia. Kama maana nayo ilifika, hakuna aliyeuliza.

Ninaandika juu ya jambo hilo kwa sababu wengi wetu tulitoka, au tutatoka, na diploma ya kufundisha Kifaransa, Kiingereza ao lugha za Kiafrika, na staji ndiyo mlango wa kazi. Na ukiangalia vizuri namna tunavyoandaliwa, tunafundishwa kusema vizuri mbele ya darasa: sauti ya juu, ubao safi, fishi ya maandalizi iliyojaa. Kufanya wengine waseme ni kazi nyingine kabisa, na hiyo karibu inaachwa kwa bahati ya kila mtu.

Tuchukue Tchomia kama mfano. Iko ukingoni mwa Ziwa Albert, territware ya Djugu, katika kolektivite ya Bahema-Banywagi. Mtoto wa pale anasikia Kihema nyumbani, ao Kialuru, ao Kilendu, inategemea ukoo. Ufukweni na sokoni anasikia Kiswahili. Lingala inamfikia kwa muziki na kwa wanajeshi. Ng’ambo ya ziwa ni Uganda, na wachuuzi wanakuja na maneno yao na shilingi zao. Kisha shule inamletea Kifaransa, na akifika sekondari Kiingereza. Mtoto wa miaka tisa anaweza kuuza samaki kwa lugha mbili, akarudisha chenji bila kukosea, halafu kesho yake katika somo la Kifaransa anakaa kama bubu. Mwalimu anaandika kwenye ripoti: mwanafunzi mwoga. Mwoga gani huyu, aliyebishana bei na mama wa soko jana jioni?

Kiswahili cha sokoni alikipataje? Hakuna aliyemsimamisha na kumwambia “rudia: hii ni samaki”. Alitumwa. “Nenda ulizie bei ya kapiteni, kisha urudi uniambie.” Alikuwa na sababu ya kutega sikio, maana akirudi na bei ya uongo atapata maneno. Aliongea na mtu aliyekuwa na habari ambayo yeye hakuwa nayo. Na baada ya maneno kitu kilibadilika: samaki alinunuliwa, ao hakununuliwa.

Linganisha na darasa. Mwalimu anainua bik na kuuliza kwa Kifaransa: hiki ni nini? Mtoto anajibu: ni bik. Wote wawili wanaiona. Mwalimu anajua jibu, mtoto anajua kwamba mwalimu anajua, na wengine hamsini na tisa wanajua pia. Jibu hilo halihitajiwi na mtu yeyote duniani. Sisemi swali la namna hiyo lifutwe, siku za kwanza linasaidia. Lakini somo likiisha hivyo kila siku kwa miaka, tunapata kijana anayesikia Kifaransa ila hasemi. Huko Kanada, Merrill Swain aliwatazama watoto wa Kiingereza waliosoma sehemu kubwa ya masomo yao kwa Kifaransa kwa miaka. Mwaka 1985 aliandika kwamba masikio yao yalikuwa karibu na ya watoto wenye lugha hiyo wenyewe, lakini midomo ilibaki nyuma sana. Sababu moja aliyoitoa: darasani walipata nafasi chache mno za kusema, na hakuna aliyewasukuma watafute neno sahihi ili waeleweke. Kama iko hivyo Kanada yenye vitabu na umeme, sisi tunafikiri itakuwaje?

Na hasara yake si ya maksi tu. EXETAT ina sehemu ya Kifaransa cha mdomo katika majaribio yanayotangulia kikao chenyewe, na finalisti anafika pale akiwa amejaza kaye kwa miaka bila kuongea dakika tano mfululizo. Hiyo ni moja. Nyingine ni nzito zaidi. Mwanzoni mwa 2018, vita vilipowaka tena Djugu, makumi ya maelfu ya watu wa Ituri walivuka Ziwa Albert kwa mitumbwi mpaka Uganda, wengi wakapelekwa kambi ya Kyangwali. Kule shule inaendeshwa kwa Kiingereza. Mtoto aliyekuwa amefika madarasa ya juu ya msingi kwa Kifaransa mara nyingi anarudishwa chini akae na wadogo, ingawa hesabu anazijua, kwa sababu tu hasikii mwalimu anasema nini. Watu wanaoishi kando ya ziwa hili wanajua kwamba lugha ya ng’ambo inaweza kuhitajika usiku mmoja, bila taarifa.

Bon, sasa tuje kwenye kazi ya kumwandaa stajieri. Mimi naona ianze na masikio yake mwenyewe.

Vyuo vya ualimu vinatumia somo fupi la majaribio: stajieri anafundisha dakika kumi mbele ya wenzake, wanamkosoa, anarudia. Njia hiyo ilianza Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1960, ikazunguka dunia. Ni njia nzuri, ila kwetu ina tundu moja. Wenzako wanaokaa kama wanafunzi tayari wanajua Kifaransa. Wanaigiza ujinga. Unauliza, wanajibu, unatoka ukijiona fundi. Siku ya kwanza ya staji ndipo unagundua kwamba darasa la kweli halikufuati.

Dawa yake haihitaji pesa. Somo hilo fupi lifundishwe kwa lugha ambayo wenzako hawaijui. Katika promosheni moja ya Bunia utakuta Mualuru, Muhema, Mulendu, Mubira, Munande, Mulugbara. Mualuru asimame, dakika kumi, afundishe wenzake kusalimia na kuuliza bei kwa Kialuru. Bila kuandika ubaoni. Bila kutafsiri. Atumie mikono, vitu, picha, kurudia. Kesho yake mwingine na lugha yake. Waliokaa watakumbuka mara moja jinsi inavyokuwa maneno yakikupita kama upepo, na kwa nini mtu anajibu “ndiyo” ili aachwe kwa amani. Baada ya dakika kumi waulizwe jambo moja: ni wapi hasa ulipotea, na mwalimu alikuwa anafanya nini wakati huo? Majibu yatafundisha kuliko kurasa ishirini za metodoloji.

(Katika mkoa wetu zoezi hili lina uzito mwingine, mnaelewa. Kujifunza dakika kumi za lugha ya jirani hakumalizi vita, na mimi silileti kama mradi wa amani. Ni didaktiki tu. Ila tukumbuke kwamba Wahema wengi wa kaskazini mwa Djugu wanasema Kilendu tangu zamani, kama lugha ya nyumbani. Lugha hazikufuata mipaka tunayoichora vichwani.)

Jambo la pili ni kunyamaza. Ni gumu sana kwa stajieri, kwa sababu kimya kinamtisha: anaona enspekta ataandika kwamba amekwama. Mary Budd Rowe, Mmarekani aliyechunguza madarasa ya sayansi, alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba walimu wengi wakiuliza swali wanangoja kama sekunde moja tu, kisha wanajibu wenyewe ao wanampa mwingine. Wale waliozoezwa kungoja sekunde tatu ao zaidi walipata majibu marefu zaidi, na wanafunzi wengi zaidi walijitokeza. Na hao walikuwa wanajibu kwa lugha yao. Mtoto wa Tchomia anatakiwa asikie swali kwa Kifaransa, alifikirie kwa Kiswahili, atafute neno, alipange, aogope kidogo, ndipo aseme. Sekunde moja atafanya nini? Katika mazoezi, mwenzako akae nyuma, na ukiisha kuuliza, ahesabu kwa vidole vitano kabla hujafungua mdomo. Utaona vidole vitano ni virefu kama safari ya Mahagi.

Huyo aliyekaa nyuma ana kazi nyingine. Ned Flanders, Mmarekani pia, alitengeneza namna ya kurekodi mazungumzo ya darasa kila sekunde tatu, na akakuta kwamba theluthi mbili hivi za wakati kuna mtu anaongea, na theluthi mbili za maongezi hayo ni ya mwalimu. Sisi hatuhitaji jedwali lake la vifungu kumi. Chukua karatasi, na kila nusu dakika andika herufi moja: M kama mwalimu anaongea, W kama ni mwanafunzi, K kama ni kimya ao wanaandika, P kama darasa zima linaimba jibu pamoja. Hiyo P iandikwe peke yake, maana ndiyo inayotudanganya. Darasa likijibu kwa pamoja, kumi wanajua na hamsini wanafungua midomo. Mwisho wa somo stajieri apewe karatasi yake bila maneno mengi. Ataisoma mwenyewe.

Tufanye hesabu ndogo. Somo la dakika 50, watoto 60. Mwalimu mwema anawaachia dakika 20 za kujibu mmoja mmoja: kila mtoto amepata sekunde 20. Masomo matano kwa juma yanampa dakika moja na sekunde 40. Lakini wakigeukiana wawili wawili kwa dakika kumi tu, kila mmoja anasema karibu dakika tano siku hiyohiyo. Hakuna njia nyingine ya kupambana na darasa la watu sitini, ninavyoona mimi.

Swali ni waseme nini hao wawili. Hapo stajieri wengi wanakwama, kwa sababu vitabu vingi vinadai kila mtoto apate karatasi yake, na fotokopi kijijini ni ndoto. Fanya hivi. Chora ubaoni ufuko: mitumbwi mitatu, mmoja una motere, mmoja una nyavu zinazoning’inia, mama mwenye beseni kichwani, mbwa mmoja, jua. Kabla ya kuchora, nusu ya darasa wageuke kwenye benchi, migongo kwa ubao, kaye na kalamu mkononi. Wanaoona wanawaelezea wasioona, kwa Kifaransa, na wasioona wanachora. Motere iko kwa mtumbwi wa kushoto ao wa kulia? Mama anaenda wapi? Lazima waulize, lazima wasikilize. Baada ya dakika nane wote wanageuka kulinganisha, na kicheko kitakachotoka hapo ni kicheko kizuri. Kesho waliokuwa na migongo ndio wanaoona, na ubaoni ni bei za soko. Chombo chote ni chaki.

Kusikiliza kwenyewe kunahitaji mpangilio, na kosa tunaloliona mara nyingi ni dogo: stajieri anasoma maandishi mara moja, kisha ndipo anauliza maswali. Hapo anapima kumbukumbu. Ukitumwa sokoni kuulizia kapiteni, husikilizi bei ya muhogo. Swali lije kwanza. Mara ya kwanza swali moja jepesi: wanaongea watu wangapi, na wako wapi? Mara ya pili: wanakubaliana bei gani? Mara ya tatu neno kamili: alisemaje alipokataa? Kati ya mara na mara, watoto waambiane majibu wawili wawili kabla ya kukuambia wewe.

Sauti zitatoka wapi? Ya kwanza ni mdomo wako, na kama mko stajieri wawili shule moja, mna dialogi tayari. Ya pili ni simu. RFI ina taarifa yake ya Kifaransa chepesi, dakika kumi kila siku. Radio Okapi, inayosikika tangu 2002, inatoa habari kwa Kifaransa na kwa lugha zetu nne za taifa. Hapo pana hila ninayoipenda: tafuta habari moja iliyotangazwa kwa Kiswahili na kwa Kifaransa. Watoto wasikie ya Kiswahili kwanza, waieleze, kisha ya Kifaransa. Sasa sikio lina mahali pa kushika, linatafuta majina na namba ambazo tayari linazijua. Pakueni kabla ya kushuka ziwani, msitegemee mtandao wa kule. Na spika ya simu haifiki benchi la tatu. Azima ile spika ndogo ya kadi ambayo vijana wanapigia nyimbo za ibada, na uichaji usiku.

Juu ya matamshi sitasema mengi. Kiswahili kina vokali tano, kwa hiyo mtoto wetu anasikia rue na roue kama neno moja, njia na gurudumu. Kwa Kiingereza ni ship na sheep, meli na kondoo, na kwa watu wa ziwani hiyo si mchezo. Usimwambie arudie mara ishirini. Kwanza asikie tofauti: wewe unasema, wao wanainua mkono wa kushoto kwa njia, wa kulia kwa gurudumu, macho wamefumba ili wasiigane. Sikio likishatenganisha, mdomo unafuata wenyewe polepole. Stajieri ajipime kwanza na rafiki yake, jamani, kabla ya kwenda kupima watoto.

Kuna pia Kiswahili chenyewe. Sheria ya elimu ya Februari 2014 inakubali lugha za taifa ao za mazingira zitumike kufundishia, na madarasa ya mwanzo kwetu yanaanza kwa Kiswahili. Lakini kitabu kinasema “wanafunzi wako darasani”, na mtoto anasema “banafunzi beko mu kalasi”. Kuna waalimu wanaomcheka hapo hapo, tena mbele ya wenzake. Mtoto amesema sentensi nzima, yenye maana, katika lugha yake ya kila siku, na amelipwa kicheko. Unafikiri atainua mkono tena somo la Kifaransa? Pokea alichosema, mjibu maana yake kwa namna ya kitabu, endelea: “Ndiyo, wanafunzi wako darasani, wanafanya nini?” Atasikia tofauti. Makosa mengine, ya Kifaransa pia, yaandike kwenye karatasi yako wakati wanaongea, yalete ubaoni dakika tano za mwisho bila kutaja mwenyewe.

Mtapata upinzani, niwaambie mapema. Darasa la watu sitini wakiongea wawili wawili lina kelele, na mwalimu wa jirani atagonga ukuta. Prefe atakuja mlangoni akifikiri umeshindwa nidhamu. Nenda kwake kabla, siyo baada. Mpe fishi yako, mwonyeshe dakika ambazo kelele itakuwepo, na alama ya kusimamisha: mkono juu, kila anayeuona anainua wake na kunyamaza. Zoezeni alama hiyo siku ya kwanza, kabla ya somo lolote. Na tunaosimamia staji tungeongeza mstari mmoja tu kwenye karatasi ya maksi: wanafunzi wangapi tofauti walisema zaidi ya sentensi moja? Mstari huo ukiwepo, stajieri ataanza kuuhesabu mwenyewe jioni anapoandaa.

Kitu cha mwisho kwa watakaopangwa kando ya ziwa: mvua ikianza kupiga mabati, hakuna sauti ya mwalimu wala spika itakayofika nyuma, na wengi wanasimamisha somo hapo. Msisimamishe. Zima spika, waweke wawili wawili, kila mmoja amweleze mwenzake kwa Kifaransa alichokiona njiani asubuhi. Hata kwa mvua kubwa, mdomo wa mmoja uko karibu na sikio la mwingine.